Nani Huandikwa Daftarini? Watumishi wa Umma na Majanga Mawili

Mwezi Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa nchini Kenya, niliitwa katika kikao cha dharura cha taasisi ya umma niliyokuwa nikiitumikia. Ajenda ilikuwa moja: nani aende nyumbani na nani abaki. Serikali ilikuwa imeagiza watumishi wa umma wenye umri wa miaka 58 na zaidi, pamoja na wenye maradhi ya kudumu, wachukue likizo au wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa walio katika usalama na huduma nyingine muhimu. Lilikuwa agizo la busara. Tulifungua orodha ya wafanyakazi, tukaweka alama kwenye majina, na kabla ya saa moja kwisha tukawa tumemaliza. Nikiwa kwenye ngazi, nilimpisha mama aliyebeba ndoo na fagio, mtu mzima kunizidi, na hapo ndipo nilipotambua kwamba jina lake hatukulisoma. Alikuwa ameajiriwa na kampuni iliyopewa kandarasi ya usafi. Katika vitabu vyetu hakuwa mtumishi.

Kosa lile lina ukoo mrefu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwakusanya wanaume wa Afrika Mashariki kwa malaki, wengi wao kwa nguvu, wawabebee wanajeshi vyakula na risasi. Hao ndio Carrier Corps, ambao jina lao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Hii, kwa maneno ya leo, ilikuwa idara ya umma yenye wafanyakazi wengi kuliko nyingine yoyote katika eneo hili, na iliwapoteza kwa sababu za kiofisi kabisa: unga ambao matumbo yao hayakuuzoea, blanketi zisizotosha, safari zisizo na mapumziko.

Kisha, Septemba 1918, homa kuu ya mafua iliingia Mombasa kwa njia ya bahari na kupanda bara kwa njia ya reli. Iliwakuta wapagazi waliokuwa wakirudishwa makwao wakiwa wamedhoofika, na ikavikuta vijiji ambako mvua zilikuwa zimekosekana. Aliyefia barabarani akielekea nyumbani alikuwa kifo cha nani? Si cha jeshi, kwa kuwa alikwisha kuachishwa. Si cha kijiji, kwa kuwa hajafika. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao kamwe. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba kati ya watu 116,000 na huenda 350,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Utetezi uliozoeleka ni kwamba kumbukumbu zilikuwa haba. Siukubali. Kufikia mwaka 1920 serikali hiyo hiyo ilikuwa ikimvisha mwanamume Mwafrika kipande shingoni, chenye jina lake, alama za vidole na rekodi ya ajira, ili akitoroka kazi apatikane. Uwezo wa kuandika ulikuwapo. Kilichoamua ni haja: mtoro aliandikwa, marehemu hakuandikwa.

Msomaji atasema huo ulikuwa ukoloni. Naam. Lakini Desemba 2020, katika Kenya iliyo huru, daktari mwenye umri wa miaka 28 alifariki kwa korona baada ya kuwahudumia wagonjwa wa korona kwa miezi kadhaa bila kulipwa mshahara na bila bima ya matibabu. Alikuwa wa mkataba. Mwezi huo huo wauguzi na matabibu waligoma, na madaktari wakafuata, wakidai vifaa vya kujikinga, bima na fidia. Wapo waliowaita wasaliti wa wagonjwa. Mimi niliona madai yale kuwa ya kawaida kabisa, madai ya watu wanaoomba mwajiri akiri kwamba ni mwajiri wao.

Katika taasisi yetu tulifanya mengi mema, na nisiyadharau. Tulipanga zamu, tukatenganisha meza, tukaweka maji na sabuni kila mlango. Tulianzisha pia huduma ya ushauri nasaha kwa waliolemewa na hofu au msiba. Mwaliko wake ulitumwa kwa baruapepe ya kazini. Wasafishaji na walinzi hawakuwa na baruapepe hiyo. Barakoa za kwanza walizovaa walizinunua wenyewe.

Niliandika barua nikiomba waingizwe katika mpango wetu. Nilijibiwa kwa adabu kwamba suala hilo ni la mkandarasi. Mkandarasi, nilipompigia simu, alisema mkataba wake unataja sakafu, madirisha na vyoo. Mkataba huo umeongezwa muda mara mbili tangu wakati huo. Nimeusoma wote, na kipengele kuhusu afya ya wanaosafisha bado hakimo.