Waliotutangulia Kupiga Kambi

Mwaka jana nilihudhuria tamasha la muziki huko Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua. Tulilala kwenye mahema, na karibu kila hema lilikuwa na moto wake. Baridi haikuwa mchezo. Nilivaa soksi pea mbili. Saa nane usiku jenereta bado ilikuwa ikinguruma nyuma ya jukwaa, na dijei akatuambia tupige kelele mpaka mlima utusikie. Tukapiga.

Niliacha digrii ya historia mwaka wa tatu, lakini tabia moja haijaniacha: popote ninapolala, lazima niulize nani alilala hapo kabla yangu. Huko Nyandarua jibu linajulikana.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka uliofuata, misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikafanywa eneo marufuku, yaani ukionekana humo unaweza kupigwa risasi bila maswali. Ndege za kivita za Uingereza aina ya Lincoln zikamwaga mabomu juu ya miti. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na kambi zao humo ndani, kwenye baridi ile ile iliyonitetemesha mimi na soksi zangu. Moshi wa mchana ungewaanika, kwa hivyo walipika usiku. Walijifunza hata kunusa: sabuni au sigara ya askari ilitosha kuwaambia adui yuko karibu.

Na walikuwa na nyimbo. Hapa ndipo stori inaponishika. Kabla hata risasi hazijaanza, ujumbe ulisafiri kwa nyimbo za Kikuyu zilizotungiwa maneno mapya juu ya tuni za kanisani, zile ambazo kila mtu alizijua. Louis Leakey, Mzungu aliyekua akiongea Kikuyu, alieleza mwaka 1954 jinsi mbinu hiyo ilivyofanya kazi: Mzungu asiyejua lugha akisikia, anadhani watu wanasali tu. Propaganda inaimbwa mchana kweupe, mbele ya mwenye shamba! Hakuna msanii wa protesti leo mwenye ujanja kama huo, samahani wasee.

Sisemi tuache kucheza mlimani. Ila kwa siku mbili nzima, hakuna hata ngoma moja ya hao watu iliyopigwa pale.

Si kwamba hazipatikani. Maina wa Kinyatti, mhadhiri wa historia katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, alizikusanya, akazitafsiri kwa Kiingereza na kuzichapisha London mwaka 1980, katika kitabu *Thunder from the Mountains*. Mwaka 1982 serikali ya Moi ikamkamata kwa madai ya kumiliki maandishi ya uchochezi. Akafungwa miaka sita.

Mau Mau yenyewe ilibaki haramu kisheria hadi 2003. Mzee aliyetoka msituni miaka ya hamsini alihesabiwa mfuasi wa kundi haramu chini ya magavana wa Mwingereza, kisha chini ya Kenyatta, kisha chini ya Moi.