Mkweche Nao Una Cheti cha Kuzaliwa

Ndugu msomaji, historia ya Korogwe na Handeni haimo kwenye mafaili ya bomani peke yake. Nyingine imegongwa kwenye chuma cha mikweche inayooza nyuma ya magereji, na wanunuzi wa chuma chakavu wanaisomba kila siku.

Kibao cha namba kisikuzuge. Kibao ni nguo, gari huweza kuvishwa kingine. Mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967, mali ilipata mwenye mpya, lakini namba ya chesi ya gari haikujua siasa. Ilibaki ileile ya kiwandani.

Chukua Kombi ya Volkswagen, ile ya kulala, yenye kitanda na jiko ndani. Kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kuzitengeneza mwaka 1951. Kuanzia Agosti 1964 Kombi ziligongwa tarakimu tisa. Mbili za mwanzo zinataja aina ya gari: 23 ni Kombi. Ya tatu ni mwaka. Basi 238 ni Kombi ya 1968.

Subiri kwanza! Hata ya 1978 inaanza na 238. Utazitofautishaje? Hesabu. Kuanzia Agosti 1969 iliongezwa tarakimu moja, zikawa kumi. Tisa ni 1968, kumi ni 1978.

Tarakimu moja tu, na hadithi inageuka. Barabara ya Moshi kwenda Dar inapita Korogwe. Msafiri wa 1968 aliweza kuteremka nayo kutoka Nairobi bila taabu. Lakini mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa 1983. Hiyo ya 1978 ilifikaje hapa? Kwa meli? Au ilikuja baadaye, imeshazeeka? Hapo ndipo mwandishi anapoanza kazi: kawaulize wazee.

Usishangae kukosa tarakimu 17. Mtindo huo ulienea baada ya Marekani kuulazimisha kwa magari ya 1981. Hata Hiace za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina namba fupi yenye kistari katikati, na si za bandia.

Kwa hiyo, washikaji, kabla gari halijakatwa, futa kutu, weka karatasi juu ya namba, sugua kwa penseli. Andika na jina la kijiji ulipoikuta.