Meli ya Doria Topaz na Ulinzi wa Bahari ya Shelisheli

Mashariki ya pwani yetu, ng'ambo ya bahari, wako majirani ambao huwataja mara chache. Hao ni watu wa Shelisheli. Visiwa vyao ni zaidi ya 100, lakini ardhi yake yote haizidi kilomita za mraba 460. Eneo lao la bahari, hata hivyo, ni zaidi ya kilomita za mraba 1,300,000, yaani kubwa kuliko Tanzania nzima. Humo mna jodari, na jodari ni riziki ya taifa.

Mwaka 2005 India iliipa Shelisheli meli ya doria iliyoundwa Calcutta, ambayo tangu 2001 ilikuwa katika jeshi lake la wanamaji kwa jina la Tarmugli. Walinzi wa pwani wa Shelisheli wakaiita Topaz.

Wakati huo Somalia haikuwa na serikali kuu imara tangu kuanguka kwa Siad Barre mwaka 1991. Meli za kigeni zilivua katika maji yake bila idhini, na kisingizio hicho kikawafaa maharamia. Kufikia 2009 walikwisha fika Shelisheli. Mwezi Desemba mwaka huo waliishambulia Topaz yenyewe, wakaishia mikononi mwa walinzi wa pwani.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja Machi 2010. Maharamia waliokuwa wameteka jahazi la Iran waliwakamata pia wavuvi sita wa Shelisheli, wakashika njia ya Somalia. Lau jahazi lingefika huko, mateka 27 wangegeuka bidhaa. Lau lingezuiwa kwa risasi, huenda mateka hao ndio wangekuwa wa kwanza kufa. Rais James Michel aliamuru lizuiwe. Topaz ilifyatua risasi za onyo, kisha ikalenga injini. Mateka wakajitosa baharini, na wote, Wairani 21 na Washelisheli sita, wakaokolewa hai. Ikiwa njiani kurudi, Topaz ilishambuliwa tena. Ilijibu mapigo, ikazamisha chombo kikuu cha maharamia pamoja na boti yao moja.

Lakini bunduki si mwisho wa maneno. Washtakiwa 11 wa shambulio la Desemba walifikishwa mahakamani mjini Victoria, mbele ya Jaji Duncan Gaswaga, mzaliwa wa Uganda. Julai 2010 kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Ni dhahiri basi, ndugu wasikilizaji, kwamba taifa dogo laweza kupewa chombo na rafiki, lakini haliwezi kupewa uamuzi wa kukitumia. Uamuzi huo Shelisheli iliufanya yenyewe, kisha ikawapeleka wahalifu mbele ya sheria badala ya kulipiza kisasi. Bahari hiyo ndiyo inayotuunganisha nao. Salama yao ni salama yetu.