Makuli wa Kilindini: Safari ya Kutoka Mgomo hadi Mkataba

Katika historia ya kazi za mshahara Afrika Mashariki, bandari ya Kilindini mjini Mombasa ina nafasi ya pekee, kwa sababu hapo ndipo ilipodhihirika mapema kwamba mgomo na chama cha wafanyakazi ni mambo mawili tofauti, na kwamba nyongeza inayopatikana kwa siku chache za kugoma haidumu pasipo chombo cha kuilinda.

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, sehemu kubwa ya makuli, yaani wapakiaji na wapakuaji wa shehena za meli, walikuwa vibarua walioajiriwa kwa siku na kulipwa ujira wa siku hiyo bila ahadi yoyote ya kesho yake. Utaratibu huo uliwafaa waajiri, kwa kuwa meli hazikuja kwa mpango ulio sawa na hakuna kampuni iliyotaka kulipa watu wakati gati ni tupu. Hata hivyo, utaratibu huo huo uliwapa vibarua nguvu ambayo waajiri hawakuitarajia. Mwajiriwa wa mwezi aliyegoma aliweza kufukuzwa, na pengine kupoteza hata chumba alichopewa na mwajiri wake, ilhali kibarua alipoteza ujira wa siku tu, kwani hakuwa na ajira ya kunyang'anywa.

Nguvu hiyo ilionekana mwaka 1939, pale mgomo ulioanza mwishoni mwa Julai miongoni mwa wafanyakazi wa idara ya serikali ya ujenzi ulipoenea mjini na kufika bandarini mwanzoni mwa Agosti. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na H. C. Willan ilibaini kwamba chanzo kilikuwa mishahara duni na uhaba wa nyumba, wala si fitina za wachochezi wachache. Vita vilipozuka, bei za vyakula na nguo zilipanda kuliko ujira, na tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ikasimama: wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli, hoteli na nyumba za watu binafsi waliacha kazi kwa siku kumi na mbili. Mikutano yao ilifanyika katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, na humo ndimo lilimozaliwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, ambalo Chege Kibachia aliliongoza. Walirejea kazini baada ya Eliud Mathu, mjumbe Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, kuwahakikishia kwamba madai yao yangesikilizwa na baraza la usuluhishi, ambalo lilikuja kuongozwa na Jaji Ransley Thacker.

Mishahara iliongezwa, lakini mwezi Agosti mwaka huo Kibachia alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Kabarnet, na shirikisho lake likafifia. Udhaifu wa ushindi huo ulikuwa katika namna ulivyopatikana. Nyongeza ilitoka kwa tume na mabaraza, yaani watu wa nje waliosikiliza ushahidi kisha wakaamua. Wafanyakazi hawakuketi na waajiri kama upande kamili, hawakutia saini chochote, na bei zilipopanda tena hawakuwa na njia ya kudai isipokuwa kugoma upya.

Jambo la ajabu ni kwamba njia ya kuketi na waajiri kama upande kamili ilifunguliwa kwa sehemu na hatua za serikali na waajiri wenyewe. Kwa kuwa waliogopa umati wa vibarua wasiofahamika, walianza kuwasajili katika miaka ya 1940, na muongo uliofuata wakazidi kupunguza idadi yao na kuwataka wafike kazini mara kwa mara. Nia ilikuwa kuwatia nidhamu, lakini kundi dogo la watu wanaojulikana kwa majina na wenye kazi ya kudumu ndilo linaloweza kulipa ada, kuchagua viongozi na kuwawajibisha. Mwaka 1954 chama cha makuli kilisajiliwa, na mwezi Machi 1955, katikati ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau, bandari ilipogoma tena, Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya, alifika Mombasa, akawashawishi wagomaji warudi kazini na akasimamia madai yao hadi wakapata nyongeza kubwa.

Kuanzia hapo majadiliano ya pamoja yalipata mizizi bandarini. Huo ni utaratibu ambao chama huzungumza na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi wote, na matokeo yake huandikwa katika mkataba wa pamoja, ambao nchini Tanzania huitwa mkataba wa hali bora. Humo hutajwa mishahara, saa za kazi, malipo ya ziada, likizo, na njia ya kushughulikia malalamiko kabla hayajawa mgomo. Mwaka 1962, Mboya akiwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na shirikisho la wafanyakazi walitia saini Hati ya Mahusiano ya Kazi, iliyowataka waajiri wavitambue vyama na vyama vifuate taratibu za usuluhishi kabla ya kugoma.

Uhuru ulileta mashaka mapya. Tanganyika ilivunja shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi mwaka 1964 na kuunda chama kimoja cha kitaifa, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na Kenya iliunda shirikisho jipya la vyama, COTU, mwaka 1965 huku Rais akiwa na sauti katika kumpata katibu mkuu. Vyama vilipata usalama wa kisheria, lakini vikapoteza sehemu ya uhuru wa kuikabili serikali, ambayo yenyewe ilikuwa mwajiri mkubwa.

Leo Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda haki ya kujiunga na chama, kugoma na kujadiliana kwa pamoja, na sheria humtaka mwajiri akitambue chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga nacho. Masharti hayo humfaa mwenye ajira inayotambulika, huku maelfu ya vibarua wa ujenzi, mashambani na viwandani wakiwa bado wanahesabiwa siku kwa siku kama makuli wa mwaka 1939. Historia ya Kilindini inaonyesha kwamba hasira zao zinaweza kuwapatia nyongeza wakati wowote, lakini hazitawapatia mkataba mpaka wawe na chama ambacho mwajiri hawezi kukikwepa.