Kusimamia na Kusimamisha: Istilahi Mbili za Kompyuta

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, kusanifisha istilahi kumekuwa pia kutenganisha dhana zinazokaribiana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kompyuta ikaanza kumsemesha karani kwa Kiswahili. Leo zimetufikia programu zinazoendesha kompyuta nyingi kama kundi moja, mathalani Pacemaker, iliyochipuka kutoka Heartbeat.

Kila kompyuta ya kundi, yaani nodi, yaweza kuandikiwa uwezo wake, kwa mfano kiasi cha kumbukumbu. Huduma inayosimamiwa ikiharibika, programu huizima na kuiwasha tena, pengine kwenye nodi nyingine. Isiyosimamiwa haiguswi: ikiharibika hubaki palepale, na huenda bado inakalia kumbukumbu. Kwa hiyo mzigo wake hauna budi kuhesabiwa hapohapo, tena mara moja tu.

Tuchukue mfano wa chombo kinachopakia Mbaha, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa. Gunia la mihogo iliyooza, ambalo nahodha amekatazwa kuligusa, lingali linakilemea chombo.

Hatari iko katika shina moja, simama. Mfasiri akiandika "isiyosimamishwa" mahali pa "isiyosimamiwa", au akisema "mbovu" tu, nodi itadhaniwa ina nafasi, nayo itapakiwa kupita kiasi. Twapendekeza: kusimamia kwa mamlaka, kuzima kwa kukomesha kazi, na kuharibika kwa hali ya huduma yenyewe.