Profesa Aliyekataa Mshahara

Mwaka 1959 Derrick Bell, mwanasheria kijana katika Wizara ya Sheria ya Marekani, alitakiwa ajitoe NAACP, chama kinachotetea haki za Weusi. Aliacha kazi, chama akabaki nacho. Baadaye, chini ya Thurgood Marshall, alisimamia kesi zaidi ya 300 za kuvunja ubaguzi mashuleni.

Kesi hizo hizo ndizo zilizomtia shaka. Mahakama iliamuru watoto wachanganywe. Wazungu wengi wakahamisha wao, shule za Weusi zikafungwa, walimu wao wakakosa kazi. Mwaka 1976, akiwa profesa Harvard, aliandika kwamba mawakili walikazania mchanganyiko huku wazazi wengi waliowawakilisha wakitaka kwanza shule nzuri. Si jambo dogo, mtu kuhoji ushindi alioutolea jasho mwenyewe.

Harvard ilimpa ajira ya kudumu mwaka 1971, Mweusi wa kwanza katika kitivo cha sheria. Mwaka 1990 hakukuwa bado na mwanamke Mweusi hata mmoja mwenye ajira hiyo. Bell akachukua likizo bila malipo: hatarudi mpaka apatikane. Wapo waliosema anatafuta sifa. Sifa gani hizo za kujikatia mshahara? Miaka miwili ikapita, chuo kikakataa kuongeza likizo, nafasi yake ikapotea.

Lani Guinier aliajiriwa mwaka 1998. Bell alikuwa New York, akifundisha kama profesa mgeni.