Siku Saba za Mwanzo: Elimu ya Kuwatibu Watoto Wachanga katika Njia ya Misafara

Mwaka 1847, katika hospitali ya wazazi ya Vienna, tabibu Ignaz Semmelweis aliwalazimisha wanafunzi wake waoshe mikono kwa maji ya chokaa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi yeyote, na homa ya uzazi, ambayo katika miezi mibaya iliua zaidi ya mzazi mmoja katika kila sita, ikashuka kwa muda mfupi hata ikawa wawili tu katika kila mia. Miaka kumi baadaye, tarehe 7 Novemba 1857, Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kwa njia iliyokuwa ikipandisha kaniki na shanga kwenda bara na kushusha pembe na watumwa kwenda pwani. Njia hiyo ilipitisha na ndui, iliyoenea kambi kwa kambi. Lakini elimu ya kuwakinga wazazi na watoto wachanga na viini vya maradhi ilikawia mno kuvifikia vijiji vya Unyanyembe, nchi inayoizunguka Tabora, na mtu wa Ntalikwa, kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, ana haki ya kuuliza kwa nini ilikawia hivyo.

Katika habari hii napenda kumtanguliza Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu Malta, na mwaka 1888 akaja Afrika ya Mashariki akavuka bara kwa njia ya misafara hata Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako aliwatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Njia iliyokuwa ikiwashusha watu utumwani ilimpandisha aliyekuwa mtumwa hali ni tabibu, na sijui heshima kubwa kuliko hiyo katika tarihi ya nchi zetu za magharibi. Walakini Atiman alikuwa mmoja, na tabibu mmoja, hata awe hodari namna gani, hawi skuli.

Serikali ya Waingereza ilipoanzisha zahanati za kienyeji mwaka 1926, wakati wa mkuu wa utabibu John Shircore, iliwafundisha vijana kwa muda mfupi kufunga vidonda na kutoa dawa chache, nao wakaitwa madresa. Mzazi na mwanawe wakabaki kwa mkunga wa jadi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati na vituo vya afya viliongezeka sana, wakafundishwa wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, na chanjo ya wajawazito ikaipunguza pepopunda iliyokuwa ikiingia kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu. Kisha katika miaka ya 1990 ukaja mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu watoto wagonjwa, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuutumia. Ulikuwa mwongozo mwema, uliookoa wengi. Lakini ulianzia kwa mtoto aliyetimiza wiki moja. Siku saba za mwanzo, ambazo ndizo za hatari kupita zote, ziliachwa nje ya kitabu kwa miaka kadhaa.

Matokeo yake yamo katika hesabu za taifa. Utafiti wa afya wa 2004 na 2005 ulikuta watoto 112 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ukakuta 43. Vifo vya mwezi wa kwanza vilitoka 32 vikafika 24 tu. Watoto wakubwa kidogo, ambao watabibu walifundishwa kuwatibu, walinusurika kwa haraka. Wale wadogo kabisa walisalia nyuma, na miongoni mwa yanayowaua ni uambukizi wa damu.

Maradhi haya ni ya hila. Mtoto mkubwa akiugua huwaka homa na kulia, ilhali mchanga aliyeingiwa na viini katika damu aghalabu hupoa: huacha kunyonya, hulegea, na pengine hajitikisi mpaka aguswe. Muuguzi aliyefundishwa humfunua kifua, hushika saa, akahesabu pumzi dakika nzima, kwa maana mchanga hupumua kwa vipindi, na mwenye kuhesabu nusu dakika kisha akazidisha mara mbili hupotea. Akipata 60 au zaidi, huhesabu tena. Zikiwa 60 au zaidi tena, ndipo huja sindano za ampisilini na jentamisini. Hii ya pili hupimwa kwa uzito, miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, hata mtoto wa kilo 3 apate miligramu 15, ambazo katika kichupa cha miligramu 80 kwa mililita 2 hazifiki hata nusu mililita. Mkono unaovuta dawa akali namna hiyo kwa bomba la sindano hauna budi kuwa umezoezwa, kwani ikizidi huweza kudhuru figo na masikio, na ikipungua haiponyi.

Maradhi haya na nguvu za dawa zake havijulikani bila ya kupimwa. Huko Kilifi, nchini Kenya, wataalamu walioziotesha damu za watoto waliolazwa walitangaza mwaka 2005 kwamba asilimia 12.8 ya wale wa chini ya siku 60 walikuwa na vijidudu katika damu. Na utafiti uliofanywa Muhimbili, ukachapishwa mwaka 2007, ukaonyesha kwamba watoto waliopatwa na vijidudu sugu kwa dawa waliyopewa walikufa zaidi. Pemba, watoto 36,911 waliingizwa katika jaribio la kupaka vitovu dawa ya klorheksidini, na dawa ile iliyosifiwa sana Asia ya Kusini haikupunguza vifo kwa kiasi cha kuthibitika. Naona jibu hilo la Pemba lina thamani kubwa, kwani lisingepatikana bila ya watu wa hapahapa waliofunzwa kupima, kuandika na kusema kweli hata kweli isipopendeza.

Tabora yenyewe iliingia katika jambo kubwa la mafunzo mwaka 2021, ilipokuwa mmoja wa mikoa mitano, pamoja na Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza, katika mpango ulioongozwa na Hospitali ya Haydom kwenye vituo 30. Wakunga hawakuitwa kwenye semina ya hotelini na kurudi na cheti. Mwanasesere wa mazoezi aliwekwa palepale wodini, wakafanya mazoezi mafupi, mara kwa mara, ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Watoto waliozaliwa wafu au kufa katika saa 24 za kwanza walipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila uzazi 1,000.

Lakini saa 24 zikipita mama huruhusiwa, na uambukizi wa damu huwakuta watoto wengi nyumbani. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba familia isipoweza kwenda hospitali, zahanati iwatibu baadhi ya watoto hao kwa sindano hapohapo, baada ya majaribio ya Kongo, Kenya na Nigeria. Na hata anayepewa rufaa hupaswa kuchomwa sindano ya kwanza kabla ya kuondoka. Basi mazoezi yaliyofanywa wodini na yateremke zahanati: saa ya kuhesabia pumzi, mizani, bomba la mililita 1, na mtu wa kumsimamia muuguzi anapovuta ile akali ya jentamisini, mwezi hata mwezi, kabla mama wa Ntalikwa hajapanda pikipiki na mwanawe kwenda hospitali ya Kitete.